Mashine ya barafu ya friji imegoma, fundi anasema gesi. Wajuzi nisaidieni kabla sijatoa hela

baba_wa_Goba

Wakuu, habari za jioni.

Nina friji ya milango miwili, ile pana: friza kushoto, vyakula vya kawaida kulia, na mlangoni kuna sehemu ya kuchota maji na barafu. Nilinunua mpya, si mtumba. Mwanzoni ilikuwa raha tupu, wageni wakija wanashangaa. Baadaye barafu zikaanza kutoka nyembamba, nyingine zina shimo katikati, zikawa chache, sasa zimegoma kabisa. Maji ya mlangoni yanatoka ila kwa kujivuta, glasi ikijaa umeshasahau kama ulikuwa na kiu.

Nikaita fundi. Akaingiza mkono kwenye friza, akatikisa kichwa, akasema gesi imepungua. Wa pili hata kuivuta friji ukutani hakutaka, akasema mashine nzima ya barafu imekufa, nitoe hela akaagize nyingine. Majibu mawili tofauti na yote bei yake inauma. Nyama kwenye friza inaganda jiwe kama kawaida, askrimu za watoto ziko salama.

Ni vitu gani naweza kuangalia mwenyewe kabla sijaita wa tatu? Nawasilisha.

mtani_wa_Kimara

Trei ya plastiki mkuu. Jaza maji, sukumia kwenye friza, nenda kalale. Hiyo hela ya gesi kale nayo mishikaki.

Mama Juisi

Baba, achana na huyo. Anza na kitu kidogo. Fungua friza, tazama ubavuni mwa mashine ya barafu kama kuna mkono wa waya. Mkono ukiwa umeinuka, mashine inajua kisanduku kimejaa, inapumzika. Ukiwa chini ndiyo inafanya kazi. Kwangu Sinza binti alishindilia mfuko wa changu, mfuko ukausukuma mkono juu, tukahangaika na kuanza kutafuta fundi wakati hakuna kilichoharibika. Friji za siku hizi nyingine hazina mkono, zina kitufe au alama ya barafu kwenye kioo cha mlangoni, na watoto wanapenda kweli kubonyezabonyeza.

baba_wa_Goba

Mkono uko chini, mama. Nimetoa kila kitu kilichokuwa karibu nao. Bado.

FundiBaridi

Mkuu, hilo la gesi lifute. Gesi ikipungua, friza nzima inaugua: nyama inalegea, askrimu inakuwa uji, kompresa haipumziki. Wewe unasema nyama ni jiwe. Mashine ya barafu haina gesi yake peke yake, inategemea ubaridi uleule wa friza. Ukiweka kipimajoto kikasoma karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri, hapo hakuna mtu wa kukuuzia gesi. Kwenye mashine nyingi maji ya kwenye kibao, yaani kile kitrei ambamo barafu hugandia, yanatakiwa yashuke hadi kama nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri ndipo thamostati iruhusu barafu kutolewa, kwa hiyo friza inayobaki nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri inaweza kugandisha samaki na bado isitoe barafu hata moja. Hiyo ndiyo habari ya gesi, na wewe haikuhusu.

Sasa nieleze kazi ya mashine yenyewe, maana wengi wanaiogopa bure. Nyuma ya friji, chini, kuna vali ya umeme. Mashine ikihitaji maji inaipa vali umeme kwa sekunde chache, saba au nane hivi, vali inafunguka, maji yanapanda kwenye mrija, yanamwagika kwenye kibao. Hakuna anayepima kiasi cha maji. Kinachopimwa ni muda tu. Yakiganda, hita ndogo chini ya kibao inapasha kidogo barafu ziachie, mota inazungusha vidole, barafu zinaanguka kwenye kisanduku. Mzunguko unaanza upya.

Umeona hapo kwenye muda? Sekunde ni zilezile, presha ikiwa ndogo maji yanayoingia ni machache. Ndiyo maana barafu nyembamba na zenye shimo. Hiyo dalili uliyoitaja mwenyewe, ukiunganisha na maji ya mlangoni kujivuta, inaniambia mashine ni nzima na shida iko upande wa maji.

Jibu maswali mawili. Maji ya friji yanatoka bomba la mtaani moja kwa moja au kwenye tanki? Na filta ya friji umebadilisha lini?

baba_wa_Goba

Filta sijawahi kuigusa. Sikujua kama inabadilishwa.

Maji: mwanzoni jikoni ilikuwa laini ya moja kwa moja. Baadaye nikajenga mnara wa zege nyuma ya nyumba, nikaweka simtank ya lita 2000, fundi bomba akahamishia nyumba nzima kwenye tanki. Na sasa ndiyo nafikiria... barafu zilianza kuwa nyembamba baada ya hapo. Sikuwahi kuunganisha hivyo vitu viwili.

mtani_wa_Kimara

Kesi imeisha, mshtakiwa ni mnara.

FundiBaridi

Ngoja kwanza tumpime mshtakiwa.

Kila mita moja ya maji kusimama juu inakupa psi 1.4 hivi (psi ni kipimo cha presha). Chukua utepe, pima kutoka usawa wa maji kwenye tanki hadi kwenye vali nyuma ya friji. Usipime hadi juu ya mfuniko, tanki likiwa nusu presha nayo imeshuka. Kisha fungua kitabu cha friji, ukurasa wa kufunga maji, utaona presha inayotakiwa. Nyingi zinaandika kuanzia psi 20 hadi 120. Ili upate psi 20 kwa tanki la juu tu, linatakiwa lisimame mita 14 juu ya friji. Hiyo ni karibu ghorofa tano. Mtaa mzima wenu hakuna mnara wa hivyo.

Hizi friji zimetengenezwa kwa nyumba ambazo bomba la mtaani lina presha saa zote. Sisi tunaishi kwa tanki. Muuzaji dukani hakuulizi.

Na kuna jambo la pili watu hawalijui. Ile vali ikijifunga inasaidiwa na presha ya maji yenyewe kukandamiza mpira wake. Presha ikiwa ndogo haifungi sawasawa, inadondosha tone tone. Tone linaingia kwenye mrija wa kumwagia, linagandia njiani, lingine juu yake, mwisho mrija umeziba na barafu. Hapo ndipo mashine inagoma kabisa kama yako. Ukiagiza mashine mpya, nayo itaziba vilevile.

Fanya hivi, na plagi iwe imechomolewa kwenye soketi. Vuta friji mbele, funga koki ya maji, legeza mrija unaoingia kwenye vali, utumbukize kwenye ndoo, fungua koki. Tazama nguvu ya maji kwa macho yako. Halafu nenda ndani ya friza, juu nyuma ya mashine, utaona mdomo wa mrija mweupe. Chungulia kwa tochi. Ukikuta barafu, yeyusha kwa drai ya nywele kwenye joto la chini au kwa kitambaa cha maji ya moto. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Mabomba ya gesi yako nyuma ya plastiki hiyo, na friji nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a ambayo inashika moto. Ukitoboa hapo, ule uongo wa gesi unakuwa kweli.

mpwa_wa_Kigamboni

Fundi naomba nidandie. Sisi kisima, maji yana chumvi chumvi. Pampu ipo, presha ipo, ila barafu zinatoka na unga mweupe, ukiyeyusha glasi inabaki na vumbi chini. Na zimeanza kupungua.

FundiBaridi

Unga huo ni madini yaliyo kwenye maji yenu. Maji yakiganda yanayasukuma pembeni, yanabaki kama vumbi. Kwa afya mara nyingi si neno, ila kwa vali ni maradhi. Penye vali mrija unapoingilia kuna kichujio kidogo cha wavu, saizi ya kifungo cha shati. Kifungue utakikuta kimevaa ukoko mweupe. Kiloweke kwenye siki, kisugue na mswaki uliochakaa, kirudishe. Ukoko ukishaingia ndani ya vali yenyewe, badilisha vali, haikarabatiki.

Wengine wanakimbilia kufunga ile mitambo ya kuchuja chumvi ya chini ya sinki. Inafaa, lakini nayo inakula presha. Mtambo wenyewe unataka kama psi 40 kuingia ndipo friji ipate kitu cha maana upande wa pili. Ukiufunga kwenye tanki la mita nne bila pampu, barafu utaziona kwenye matangazo.

kakaMtumba

Mimi yangu ni kinyume na ya mleta mada. Friji ya Marekani, ya volti 110, natumia transfoma. Barafu inafurika! Maji yanamwagika kwenye kisanduku, asubuhi nakuta bonge moja. Nimebadilisha vali, bado. Transfoma ni nzuri, nimepima, inatoa 110 safi.

FundiBaridi

Hii nimeikuta Mbezi Beach mara kadhaa na inawatesa mafundi wazuri kabisa, kwa sababu mita inaonyesha kila kitu kiko sawa.

Transfoma inashusha volti, haigusi mzunguko wa umeme. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu unapiga 50. Mashine za barafu za zamani zina mota ndogo inayofuata mapigo hayo kama saa ya ukutani, na ndiyo inayohesabu muda wa kufungua maji. Kwa umeme wetu inakwenda polepole, kilichokuwa sekunde saba na nusu kinakuwa tisa. Sekunde moja na nusu ya ziada, maji yanafurika. Tazama mbele ya mashine chini ya kifuniko, nyingi zina skrubu ndogo ya kupunguza maji, pembeni kuna alama ya kujumlisha na kutoa. Izungushe kidogo kuelekea kutoa, subiri ijaze, tazama, zungusha tena. Usiizungushe yote kwa pupa. Skrubu ikifika mwisho na bado maji yanafurika, punguza koki ya nyuma kidogo. Hiyo ya koki naitoa shingo upande, maana ukiibana sana unaangukia kwenye ugonjwa wa mwenzako wa Goba.

Na ukiwa huko ndani soma kibati cha friji, uone kama kuna herufi ya hali ya hewa. N ni ya mazingira yasiyozidi nyuzi 32, T ni hadi 43. Ya N jikoni kwetu mwezi wa pili, madirisha yamefungwa, inahema.

kakaMtumba

Daah. Yaani vali mbili nimenunua Kariakoo bure. Naenda kutafuta skrubu.

baba_wa_Goba

Nimerudi wakuu. Nimepima. Kutoka usawa wa maji hadi kwenye vali ni mita nne na nusu. Kwa hesabu ya fundi hiyo ni psi 6 na kidogo. Kitabu kinataka 20. Nimekirudia kusoma nikidhani nimeona vibaya.

Ndoo: maji yanatoka kama bomba la shule ya msingi saa saba mchana. Mrija wa ndani nao, fundi kama ulikuwepo. Mdomo wote umezibwa na kijiti cha barafu, cheupe, kimetokeza kidogo nje. Mke wangu kakiyeyusha kwa drai, kikadondoka chote, kirefu kama kidole cha kati. Filta nimeichomoa, ilikuwa nyeupe kwenye picha ya kitabu, yangu ina rangi ya chai ya rangi.

Nimeweka kile kizibo cha plastiki kinachokuja na friji kwa ajili ya kutumia bila filta, ili nione tofauti. Maji ya mlangoni yameongezeka kidogo, si sana.

FundiBaridi

Umefanya kazi ya mtu mzima. Filta ilikuwa inakula hata hizo psi 6 chache. Zinabadilishwa kila miezi sita, na kwa maji yetu wakati wa masika, mtoni kukiwa na tope, nisingesubiri hiyo sita. Ukibadilisha, chota lita kadhaa umwage kwanza mpaka hewa na unga mweusi wa mkaa vitoke.

Sasa kinachobaki ni pampu. Aje bwana wa pampu.

bwana_pampu

Nipo. Mkuu wa Goba, una njia mbili. Ya kwanza, pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye laini inayotoka tankini kwenda nyumba nzima, ile yenye swichi inayohisi maji yakifunguliwa inawaka yenyewe. Faida yake na bafu la juu litapata nguvu. Ya pili, kipampu cha laini ya friji peke yake. Bei ni ndogo, ila nyumba nzima inabaki ilivyo.

Masharti yangu ni haya. Pampu ivute kwenye tanki, isivute kwenye bomba la mtaani: ukivuta mtaani unawanyima majirani, na bomba likiwa na ufa popote unafyonza na uchafu wa nje. Angalia kibati cha pampu, presha yake ya juu isipite ile 120 ya kitabu. Mrija wa plastiki wa nyuma ya friji ukague wote kabla hujawasha. Kiungo kilichokuwa kinavumilia psi 6 kinaweza kuachia kwenye 40, na ukiachia usiku utaogelea jikoni. Mimi huwa naubadilisha tu, ni kitu cha bei ndogo.

Mama Juisi

Naomba niseme jambo moja kabla hamjamaliza, maana mmezungumza presha mpaka mmesahau tumbo.

Hayo maji ya tanki ndiyo yanakuwa barafu. Filta ya friji mnayoisifia inaondoa ladha ya dawa na mashapo. Nyingi kitabu chake kimeandika wazi zisitumike kwa maji ambayo usalama wake haujulikani bila kuyatibu kwanza. Na kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala taifodi, vinalala tu. Mimi wateja wangu nawawekea barafu ya maji yaliyochemshwa, kwenye trei, zina mfuniko. Mashine ya mlangoni ni ya kupoza chupa za soda kwenye ndoo sherehe ikiwepo. Kama mnataka kuinywa, osheni tanki, tieni dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

mtani_wa_Kimara

Kwa hiyo mama umekubali trei. Asante.

Mama Juisi

Nimekubali trei, sijakukubali wewe.

mpwa_wa_Kigamboni

😂😂 Siki imefanya kazi fundi. Kile kichujio kilikuwa kimeziba robo tatu. Barafu zimejaa, ila bado zina unga kidogo.

baba_wa_Goba

Mrejesho. Nimefunga pampu ya nyumba nzima, mrija mpya, filta mpya. Fundi bomba kaweka kipimo cha presha karibu na koki, kinasoma 35 pampu ikiwaka. Nikaacha friji usiku kucha. Asubuhi barafu zimo, nene, hazina shimo. Za kwanza nilimwaga zote kama kitabu kinavyosema, zilikuwa na harufu ya plastiki mpya. Tanki nimeliosha, mama, nimetia na dawa.

Ila sasa kuna kitu. Jana umeme ulikatika muda mrefu, uliporudi nikabonyeza barafu mlangoni, inanguruma tu, hakitoki kitu. Nikadhani tumerudi kule kule.

FundiBaridi

Hapana, hiyo ni nyingine na ni ndogo. Barafu zilianza kuyeyuka kwenye kisanduku, umeme uliporudi zikashikana bonge. Mota inajaribu kuzungusha parafujo la kusukuma barafu nje, haiwezi. Acha kubonyeza usije ukavunja meno ya gia. Toa kisanduku chote, kinatoka kwa kukiinua na kuvuta, mwaga bonge kwenye sinki, kikaushe vizuri, rudisha. Umeme ukikatika muda mrefu, jizoeze kukitoa mapema. Na uwe na friji gadi, inachelewesha umeme kurudi kwenye kompresa mpaka utulie.

baba_wa_Goba

Imekubali. Swali la mwisho kwa bwana_pampu: usiku kila friji ikijaza maji pampu inalia mara moja kwa kushtukiza, chumba cha watoto kiko ukuta huohuo. Kuna namna?

bwana_pampu

Ipo. Friji inachota maji kidogo sana kwa mara moja, hata kikombe hakijai, lakini pampu yako haijui hilo, inaamka yote. Ongeza tanki dogo la presha baada ya pampu, yale yenye mpira ndani, la lita 8 au zaidi. Pampu italijaza mara moja, friji itachota humo mara kadhaa kabla pampu haijawaka tena. Upepo wa ndani ya tanki upimwe kwa geji ya tairi kabla hujaingiza maji, uwe psi 2 chini ya ile pampu inayowakia. Ukitaka nije niangalie, niandikie pembeni, ila hiyo fundi wako wa hapo Goba anaiweza.